Mkunga Aliyenituma Maji

Mkunga hakuwa mpole. Anayewaambia alikuwa mpole hakuwahi kulala kwenye kitanda chake cha kuzalishia. Mimi ni mwanamume, sikulala, lakini nimekaa sana kwenye benchi chini ya dirisha lake, pale zahanati yetu huko Malolo, nikamsikia akiwapa wanawake maneno makali kuliko uchungu wenyewe. "Unalia nini? Lia huku unasukuma!" Mtoto akitoka, kimya. Unasikia maji ya beseni tu. Baadaye anatoka nje anakausha mikono kwa aproni, anakutazama wewe baba mtu kana kwamba umekuja kuazima jembe. "Mzima. Nenda kanunue sabuni."

Pongezi zake ndizo hizo. Hakuwa na nyingine.

Jina lake silitaji. Hata yeye hakulitumia, na nadhani mwishoni alibaki peke yake anayelikumbuka. Watoto walimwita Mkunga, wazee walimwita Mkunga, padri alimwita Mkunga. Alikotoka sikumuuliza, na mimi alikotoka mtu si kitu kinachonisumbua. Mimi mwenyewe nimeishia darasa la tatu. Nilianza kwa kuponda mawe ya dhahabu Namungo, vumbi likinikaa kifuani, nikahamia kununua ufuta, nikapanda mikorosho, leo nina stoo na kitalu cha miche. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya ili mjue mimi si mtu wa kuogopa watu. Mkunga nilimwogopa.

Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, mvua isipokatisha barabara. Lakini siku ya mpira Ruangwa ungemkuta uwanjani na raba zake nyeupe, kanga ameifunga kiunoni, anamtukana refa kwa mdomo uleule uliotoka kusali rozari. Nilimwambia siku moja, "Mkunga, Mungu hasikii hayo?" Akanijibu bila kunitazama, "Anasikia. Na yeye ameona ile ilikuwa penalti."

Kuzaa hakuzaa, na mume hakuwahi kuwa naye. Watu walisema wanayosema. Yeye alipoulizwa alijibu kwamba anao wa kutosha, wanampigia kelele barabarani kila akipita. Ilikuwa kweli. Lakini jioni kila mtoto huitwa na mama yake, na Mkunga alifunga mlango wake akawasha redio.

Alikuwa na tabia moja niliyoichukia: kuingilia yasiyomhusu. Nilipokuwa naongeza stoo nyuma ya nyumba, fundi ameshapiga kamba na vijana wameanza kuchimba msingi, akatokea. Sikumwita. Alisimama pale penye kamba, akasema, "Baba Somoe, sogeza msingi hatua tatu upande ule."

"Kwa nini?"

"Sogeza tu."

"Mkunga, wewe zalisha, mimi nijenge."

Fundi akacheka, na mimi nikacheka ili fundi asicheke peke yake. Mkunga hakucheka. Alimtazama mke wangu, Mama Somoe, aliyesimama mlango wa jikoni. Mke wangu akainamisha uso. Basi Mkunga akaondoka, na siku ile Mama Somoe hakuwapikia mafundi. Alisema kichwa kinamuuma. Niliagiza chapati mjini. Stoo nikaijenga palepale nilipotaka, na nimejivunia stoo ile miaka mingi.

Sasa nieleze jambo la ndoo, maana bila hilo hutamjua Mkunga wala hutanijua mimi.

Kwa watu tulioishi nao kule Malolo, mimba ikiharibika, hakuna msiba. Hakuna jamvi, hakuna pole. Wanawake wanamaliza wenyewe nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa maji karibu na bafu la mabua, na mwanamume haambiwi ni wapi. Ili asione, anapewa ndoo. Mkunga anatoka ndani, anakupa ndoo mkononi, anasema, "Kalete maji." Kwetu mwanamume hachoti maji mchana. Kwa hiyo ukifika bombani na ndoo saa nne asubuhi, wanawake wote wanajua. Hawakusalimii, hawakuulizi. Wanasogeza ndoo zao, wanakupisha mbele. Ukirudi, nyuma ya nyumba pameshafagiliwa, mkeo amelala amegeukia ukuta, na maisha yanaendelea.

Mimi nilipewa ndoo mara tatu kabla ya Somoe.

Mara ya tatu Mkunga alifanya kitu ambacho hakikuwa desturi. Alitoka na ndoo mkono mmoja na jembe mkono wa pili. Akasema, "Chagua. Wewe ni baba yake." Nikamwambia hiyo ni kazi ya wanawake. Nikachukua ndoo. Nilikwenda mbio, na bomba la karibu nililipita nikaenda la mbali. Kwa nini nililipita, sitaki kusema. Mtu mzima anaelewa.

Baada ya hapo alikuja Somoe, akakaa. Mkunga alimtoa, akaniambia nikanunue sabuni.

Mikono yake lazima niitaje. Ilikuwa mikavu, ya baridi, haina haraka, na mke wangu alisema ukishikwa nayo unajua hufi leo. Siku moja, nywele zake bado nyeusi, alikwenda kwa mganga mfawidhi akaweka mkasi mezani. "Mikono hii isimguse mtoto tena." Yule mganga akashangaa, hakuna aliyekuwa ameona kitu. Mkunga akanyoosha mkono wa kulia mbele ya dirisha, akamwambia atazame vidole. Vilikuwa vinacheza kidogo, kama jani kukiwa hakuna upepo wa maana. Angeweza kuficha mwaka, hata miwili. Hakuficha hata wiki. Tangu siku hiyo ule mkono aliufunika kwa kanga, na ugonjwa ukaendelea taratibu kupanda mpaka begani.

Somoe akasoma, akaolewa, akahamia Dar es Salaam. Miaka tisa hakushika mimba. Wakaenda kliniki moja ya kupandikiza mimba, mbegu zikachanganywa nje ya mwili, akarudishiwa tumboni, akapata mapacha. Nilifurahi, nikachinja. Baadaye akanipigia simu na sauti ya mtu anayetembea huku na huku chumbani.

"Baba, wamebaki wanne."

"Wanne nani?"

"Viinitete, mimba changa ambazo hazijaingia tumboni. Kliniki iliviweka kwenye barafu. Mimi sitazaa tena, daktari amekataa. Sasa wananiuliza viendelee kukaa, viondolewe, au serikali ikishapitisha utaratibu, vipewe watafiti wanaotafuta dawa. Natakiwa nijaze fomu. Mume wangu anasema uamuzi wangu. Baba, nifanye nini?"

Nimewahi kuulizwa mambo mengi. Bei ya ufuta, shamba la kununua, kijana wa kumwozesha binti. Nina jibu siku zote. Hilo nikamwambia nitamuuliza Mkunga.

Wakati ule ndipo wataalamu walipokuja Nachingwea kukusanya maoni ya wananchi juu ya utafiti wa namna hiyo. Redio ilikuwa imeshaligombania jambo hilo wiki nzima, huyu anapiga simu kulaani, huyu anapiga kusifu, na nusu yao hawajui wanachosema. Nikampakia Mkunga kwenye pikapu yangu tukaenda.

Ukumbi ulijaa. Daktari mmoja, binti mwenye miwani, alieleza vizuri mpaka mimi wa darasa la tatu nikaelewa. Alisema mwanzoni kabisa, kiinitete kikiwa kidogo kuliko punje ya ufuta, ndani yake kuna seli changa ambazo bado hazijawa kitu. Hazijawa damu, hazijawa ngozi, hazijawa moyo. Wanaziita seli shina. Watafiti wakizitoa wanaweza kuzilea ziwe wanachotaka, na huenda siku moja zikaziba palipoharibika kwa mgonjwa. Lakini ukizitoa, kile kiinitete hakiendelei. Hapo ndipo penye ugomvi, na serikali inataka kujua wananchi wanasemaje kabla haijaandika utaratibu.

Mwenyekiti wa parokia akasimama wa kwanza. "Huyo ni mtu. Kumkatisha ili mwingine apone ni kuua, hata mkimwita jina la kitaalamu."

Kijana mmoja wa machimbo akapaza sauti kutoka nyuma, "Na wakikaa kwenye barafu mpaka umeme ukatike, mzee, hapo ndiyo hawajauawa?"

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Daktari akanyoosha mkono kutuliza. Akasema hawaahidi kitu, si leo wala kesho, lakini wapo wanaotafuta kwa njia hiyo dawa ya magonjwa mengi, hata ugonjwa wa kutetemeka mikono. Hakuwa na nia mbaya, hakumjua mtu pale. Lakini watu wa Ruangwa wote waligeuka kumtazama Mkunga. Kanga yake ilikuwa inacheza.

Akasimama. Akaufunua ule mkono.

"Mmeshauona? Haya. Usitumike kuombea huruma, una shughuli zake." Akaufunika tena. "Binti, umesema hizo seli hazijaamua ziwe nini. Nani anaziamulia?"

"Kwa rasimu hii, mama, wazazi wanatoa ridhaa. Wanasaini."

"Wakishasaini?"

"Basi, watafiti wanaendelea."

Mkunga akatikisa kichwa. "Mimi nimewapokea waliotoka kabla ya siku zao. Wengine wadogo kuliko ukucha huu. Sijamwona hata mmoja nikasema hiki si kitu. Na nimeona watu wazima wanakufa kwa maradhi yasiyo na dawa, sijasema acha wafe. Mkiniuliza mimi, ningewapa."

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti wa parokia alishika kichwa. Kijana wa machimbo akapiga mluzi, "Bibi yetu huyo!" Mkunga akamgeukia. "Kaa chini wewe, nilikutoa umetanguliza matako." Walicheka mpaka daktari akavua miwani.

"Sijamaliza," akasema. "Ningewapa kwa sharti. Siku mnayomchukua, mama yake aambiwe. Na baba yake aambiwe. Siyo karatasi aliyosaini mwaka juzi. Apigiwe siku hiyo, asikie sauti ya mtu, ajue ni leo. Sisi huku tulikosea hapo. Tumezika watoto tukawaficha baba zao, tukaita heshima. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi kuliko yeyote humu ndani. Msiandike sheria inayofanana na mimi."

Akakaa. Daktari alikuwa anaandika. Aliandika lipi, sijui.

Mimi nilitoka na hasira. Nilikwenda kutafuta jibu la mwanangu, nikarudi na fedheha, maana alipotaja baba waliofichwa niliona kama ukumbi mzima unajua bomba nililolipita. Tulipokaribia Ruangwa nikamwambia neno ambalo ningelipa shamba zima nilirudishe. Nilisema, "Ni rahisi kutoa vya wenzio. Wewe hukuzaa."

"Nishushe hapa."

"Hapa si kwako."

"Nishushe, Baba Somoe."

Nikamshusha. Kwenye kioo niliona anatembea kando ya lami na raba zake nyeupe, mkono ndani ya kanga.

Yaliyomkuta baadaye niliyasikia kwa watu, sikuyaona. Hakuna aliyemfukuza kanisani. Waliruka tu zamu ya kusali nyumbani kwake, wakairuka tena, na benchi alilokalia likawa na nafasi nyingi. Wale waliompigia mluzi Nachingwea nao walirudi machimboni wakamsahau. Alihamia kibanda chake cha Nandagala. Mpira akawa anausikiliza redioni. Watu wote aliowapokea duniani, na kwa siku nzima asingesikia hodi. Na mimi nilikuwa mmoja wa wasiobisha hodi. Mama Somoe alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, jioni nami nilikuwa nafunga mlango nawasha redio. Safari hiyo fupi ya pikapu kutoka Malolo hadi Nandagala sikuifunga. Kiburi kinamshibisha mtu vizuri sana, mpaka giza liingie.

Aliyenipeleka ni Somoe. Alinipigia akaniambia, "Baba, nimeshaamua. Nenda kwa Mkunga, ukifika nipigie, nataka asikie kwa masikio yake."

Nilimkuta nje ya kibanda, asubuhi, amekaa kwenye kigoda, kikombe cha plastiki chenye kifuniko na mrija kimebanwa magotini. Mikono yote miwili ilikuwa imeharibika sasa. Alikuwa amekonda. Nikasimama mbele yake na kofia mkononi, mimi.

"Mkunga, lile neno la njiani..."

"Ulikuwa na njaa," akasema. "Mwanamume akiwa na njaa anasema ovyo. Kaa."

Nikakaa chini. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo Mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Mapacha wanakula?"

"Wanakula mpaka wanakera." Nikasikia anawafukuza chumbani. "Nimejaza ile fomu. Nimeandika wasubiri serikali. Ikiruhusu, watafiti wawachukue. Lakini kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika lile uliloomba Nachingwea, baba alinisimulia. Karani akaniambia haihusiki. Basi nikaandika pembeni, kwa kalamu, chini ya jina langu: nipigiwe simu siku hiyohiyo. Nikamwambia asipoacha maneno hayo, sisaini. Akaita mkubwa wake. Wameyaacha."

Mkunga alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, hata timu ikishinda. Mabega yalitetemeka kwa kicheko na kwa ugonjwa, huwezi kutenga. "Pembeni," akasema. "Pembeni panatosha."

"Na jambo la pili," Somoe akasema. "Mama aliwahi kuniambia nina wakubwa zangu watatu. Sikuuliza wako wapi, na sasa mama hayupo. Baba unajua?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli. Nikasema nitampigia baadaye, nikakata.

Kuku wa jirani alikuwa anaparua mbele yetu. Mkunga alimtazama muda mrefu, akisubiri. Alikuwa fundi wa kusubiri. Mwisho nikauliza, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine.

"Uliwaweka wapi?"

"Wote pamoja. Mkeo alitaka wakae pamoja. Nyuma ya bafu lile la mabua, kulikokuwa na migomba miwili."

Mimi nilikata migomba ile. Nilikata ili kupata nafasi ya stoo.

"Hatua tatu," nikasema.

"Hatua tatu zingetosha." Hakulisema kwa ukali. "Nisingeweza kukwambia, Baba Somoe. Mkeo yuko mlangoni, mafundi wamesimama. Nilidhani utanisikiliza bila kuambiwa. Nilikosea, nilikuwa najivuna. Nilizoea watu kunisikiliza."

Nimejaza magunia juu yao miaka yote. Nimewasimamia wapakizi pale, nikifoka. Nimekaa pale kunywa chai. Machozi sikuyazoea, sikujua yanawekwa wapi.

Mkunga akageuza uso pembeni, aniachie nafasi. Kisha akanyoosha ule mkono wake uliokuwa ukicheza hewani, akaelekeza kwenye kona ya kibanda.

"Ndoo ile pale," akasema. "Maji yangu yamekwisha. Kalete."

Nikanyanyuka, nikaichukua. Ilikuwa na maji nusu, nikayamwaga kwenye mche wa mpapai wake. Nilitembea katikati ya njia ya Nandagala na ndoo mkononi, mchana kweupe, mzee wa kofia mwenye stoo na pikapu. Sikupita bomba lolote.

Pale bombani palikuwa na wanawake watano au sita, na kelele nyingi. Waliponiona, kelele zikaisha. Mmoja, mwanamke wa makamo nisiyemjua, akavuta ndoo yake nyuma kwa mguu. Wa pili akavuta yake. Hakuna aliyenisalimia. Walinipisha mpaka mbele, nikainama, nikaweka ndoo chini ya bomba, na nikachota taratibu mpaka ikajaa.